Usingizi wa Karafuu

Idodi, Iringa
Jumapili jioni

Kwako Shangazi Faustina, Soweto, Mbeya,

Kamwene! Sijaandika tangu Pasaka, lakini leo siwezi kunyamaza: nimemlaza mama kambale kwa maji ya karafuu na kumkamua mayai bila yeye kutupa mkia hata mara moja! Miaka yote wafugaji wa hapa wamekuwa wakimkandamiza samaki wa mayai kwa magunia hadi anachubuka. Nimewathibitishia kwamba dawa ya jikoni yatosha.

Unakumbuka ulivyombembeleza Baba anipe bwawa. Sharti lake lilikuwa moja: samaki huyo akifa, bwawa linafukiwa, tunapanda mpunga. Leo baada ya misa alisimama ukingoni akinitania, "Msomi, mgonjwa wako anapasuliwa nini?" Nilimjibu kwa hoja nne.

Hoja hizo hazikumwamsha samaki. Nakiri kwako peke yako: nilizidisha karafuu. Dakika kumi zilipita tangu nimrudishe bwawani kwenye maji safi, matamvua anayopumulia hayakutikisika, nami nikaanza kueleza sababu.

"Nyamaza, Libe," Baba akasema. Akaingia bwawani na suruali yake ya kanisani, akamshika samaki kwa mikono miwili, akawa anamsukuma taratibu kuukabili mfereji unaoingiza maji, ili yampitie mdomoni hadi kwenye matamvua. Nilikwisha kukata tamaa mkia ulipopiga na tope likamrukia Baba usoni.

Alicheka, Shangazi! Kisha akasema, "Mara nyingine punguza karafuu. Na unionyeshe unavyopima."

Tangu nihitimu chuo hajawahi kuniomba nimwonyeshe kitu. Nimekwisha kuosha kikombe cha kupimia.

Mwanao akupendaye,
Liberatus