Orodha ya Kanda za Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Mume wangu Rajabu amepanda basi la asubuhi, karudi dukani anakouza Handeni. Mpaka Jumamosi. Kuandika tu "mume wangu" natabasamu peke yangu hapa Masuguru.

Kaniachia boksi la kanda za marehemu mama yake, nyimbo za Kizigua alizorekodi kwenye harusi kule Mazinde. Mama mkwe sikumkuta. Mimi Msambaa wa Bungu, maneno naelewa nusu, lakini sauti! Nasikiliza nyumbani, kisha nachapa kazini kwenye duka la fotokopi: nani anaimba, wapi, harusi ya nani. Orodha iko kwenye flashi. Rajabu ana nakala kwenye laptop yake.

Alhamisi, 10 Julai

Redio imekula kanda nyekundu. Utepe vipande vipande. Nimelia. Afadhali nilishaichapa yote.

Nimempigia Rajabu, nikamwomba tena tuiweke orodha mtandaoni, tuandike pamoja, yeye kule mimi huku. Hataki. Bando likiisha je? Yeye anataka kitu anachokishika mkononi. Nikamuuliza mbona mimi hanishiki na bado ni wake. Kacheka hadi mteja kamgombeza.

Jumamosi, 12 Julai

Amekuja! Na machungwa. Na kanga mpya.

Halafu kahamisha orodha yake kwenye flashi. Kompyuta ikamuuliza kama iweke hiyo juu ya ile iliyopo. Akakubali bila kuangalia. Iliyopo ndiyo yangu. Wiki nzima imefutika. Kanda nyingine nitazisikiliza upya. Ile nyekundu, basi tena.

Nimemkasirikia. Mara ya kwanza. Naumia.

Jumapili, 13 Julai

Kaomba msamaha kabla ya chai. Kisha kaniuliza, taratibu, kwenye ile nyekundu kulikuwa na nini. Kumbe tangu msiba hajawahi kusikiliza hata moja. Hawezi.

Nikamwambia ninachokumbuka. Katikati ya wimbo mama yake ananyamaza, kisha anasema: "Raja, shuka, utaanguka." Anacheka. Anaendelea kuimba pale alipoachia.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akachukua simu, akafungua orodha mtandaoni mwenyewe, na maneno hayo ndiyo aliyoanza kuyaandika. Tumekubaliana: tutaandikia huko, na kila Jumamosi atashusha nakala kwenye laptop. Hasira zimeisha. Nampenda mno jamani.

Jumanne, 15 Julai

Mchana, kazini. Nimefungua orodha. Jina lake lilikuwa pale, kwenye mstari wa kanda nyekundu, anaandika. Herufi zake zikaja moja moja:

Nilikuwa juu ya mpera wa jirani. Mama alikuwa amevaa

Mtandao ukakata.

Nikamwambia mteja avumilie kidogo. Nikasubiri.