Wimbo wa Majibu

Pongwe, 2 Machi 2025

Mwanangu Bertha,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, ila goti langu bado linanikumbusha miaka ya kubeba mkonge. Wewe hujambo, na wagonjwa wako wa Maramba hawajambo? Bado unaihudumia zahanati peke yako, au mwenzako amesharudi kutoka likizo ya uzazi? Kula, mwanangu. Muuguzi mwenye njaa anachoma sindano vibaya.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Mwanao ana masikio ya paka. Nikipiga simu uani, anakuja uani. Nikiingia chumbani, anakumbuka kuwa kitana chake kiko chumbani. Barua tu ndiyo salama, kwa sababu, na hili ndilo hasa ninalotaka kukuambia, Queen hawezi kuisoma. Hawezi kusoma kabisa, Bertha, na yuko darasa la tatu.

Sote tulidanganyika. Siku ya Jumanne Queen alikuwa ananisomea hadithi ya sungura, vizuri mno, sauti kama ya mtangazaji wa redio. Nikainama nione picha. Kitabu kilikuwa kimegeuzwa, sungura kasimama kwa kichwa! Hadithi yote ameihifadhi kwa kuwasikiliza wenzake. Mwalimu mkuu kaniita, anasema shule ikifungwa mwezi wa sita bila karatasi ya mtaalamu, Queen anarudishwa darasa la kwanza, akakae na watoto wa miaka sita. Kuna mpimaji anaitwa Huwaida, binti wa mzee Turki wa duka la vitambaa kule Ngamiani. Amesomea kupima watu wanavyoelewa na wanavyosoma, watoto kwa wakubwa. Nafasi yetu ni tarehe kumi na tisa.

Nasema kweli, naogopa. Wakimwandika mtoto kuwa ni zuzu, karatasi ile ataifutaje? Barua hii nampa Hatibu, kondakta wa basi la Maramba. Mpe yeye majibu.

Mama yako


Maramba, 6 Machi 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Milele amina. Mimi mzima, nakula, na mwenzangu bado hajarudi, kwa hiyo hata Jumapili siwezi kutoka. Pole na goti. Jipake ile dawa niliyokuachia, usimpe mama Bryson tena.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nami naogopa, nisikufiche. Lakini mpeleke. Kile si mtihani, Mama. Hakuna kufaulu wala kufeli. Ni kama mimi ninavyompima mtu homa, na mtu hajiandai kwa ajili ya kipimajoto. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima zote, maana nakujua: usimfundishe chochote. Alale mapema, anywe chai na muhogo, aende.

Na ukiingiwa na hofu, kumbuka hili. Hata asiposoma maisha yake yote, yeye ni Queen wangu, na nitamsomea mimi mpaka meno yangu yadondoke.

Mwanao Bertha


Pongwe, 22 Machi 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Tu wazima. Tulikwenda, tumerudi, mambo salama. Mvua zimeanza. Yule kuku mwekundu ametotoa vifaranga kumi na mmoja. Padre amebadilisha saa ya misa ya kwanza, watu wananung'unika. Mengine tutaongea ukija.

Mama yako


Maramba, 30 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Kuku nimemsikia. Padre nimemsikia. Queen je?

Nakuuliza kwa sababu jana Hatibu kashuka kwenye basi anaimba: "Moja ni kiti, mbili naita watu, tatu mviringo, nne kumi na saba." Nikamwuliza wimbo gani huo. Akasema, "Dada Bertha, huujui? Watoto wote wa Pongwe wanauimba. Katunga bi mkubwa wako." Nikamwambia auimbe mpaka mwisho. Unafika ishirini, Mama, na hakuna hata mstari mmoja wenye maana.

Mimi ni mwanao, nimekua ndani ya kwaya yako. Nieleze.

Bertha


Pongwe, 3 Aprili 2025

Mwanangu Bertha,

Amani ya Bwana iwe nawe, na mimi inipitie kidogo, maana sina. Ni mimi. Nimeharibu.

Bryson wa jirani alipimwa na mwalimu huyo huyo wiki moja kabla yetu. Nikamkaribisha hapa nyumbani, nikampa sahani nzima ya mabumunda, nikamdodosa polepole kaulizwa nini na kajibu nini. Kati ya ndege, kipepeo na kiti, kipi hakiruki? Ukiona moshi unatoka kwa jirani, utafanya nini? Yote akanipa. Sasa mimi ambaye miaka thelathini nawafundisha wanaparokia nyimbo za sauti nne na noti hawazijui, majibu ishirini yangenishinda? Nikayatungia wimbo. Queen aliushika kwa siku moja.

Siku ya siku nimekaa kwenye benchi nje, mlango uko nusu wazi. Mwalimu Huwaida, ili mtoto asiogope, akaanza na mazungumzo tu. "Queen, umekuja na nani leo?"

Mwanao akajibu kwa nguvu, "Kiti!"

"Na asubuhi umekula nini?"

"Naita watu!"

"Mwe!" nikapiga kelele kule nje. "Bado hajaanza, wewe!"

Mwalimu Huwaida akatoka. Nilitamani benchi linimeze. Akaniamkia upya, akakaa pembeni yangu, akasema, "Bibi Consolata, hebu niimbie wimbo wote." Nikauimba. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. Halafu akanieleza, wala hakunikaripia: maswali yakishajulikana hayapimi tena. Anayo mengine, lakini anataka mtoto atulie kwanza, ayasahau haya, na nafasi ya karibu ni tarehe kumi na nne Mei. Shule inafungwa wiki tatu baadaye. Queen kaniuliza njiani, "Bibi, nimefeli?"

Nilikuficha kwa aibu. Nilitaka asionekane mjinga, nikamfanya aonekane kichaa. Na ule wimbo nimewakataza watoto wa mtaani, ndiyo kwanza wanauimba zaidi. Nisamehe.

Mama yako


Maramba, 6 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nilikasirika mpaka pale kwenye "naita watu". Hapo nimecheka hadi mgonjwa wangu wa malaria akainuka kitandani kuniuliza kama niko salama.

Umeshasamehewa. Ulifanya kwa hofu, na hofu hiyo ni ya kwangu pia. Ningekuwa hapo labda ningekuitikia kiitikio. Mwambie Queen hakufeli, aliyefeli ni bibi yake. Mwambie hivyo hivyo. Na tarehe kumi na nne ukae mbali na mlango.

Mwanao Bertha


Pongwe, 17 Mei 2025

Bertha, Bertha, mwanangu Bertha,

Tumsifu Yesu Kristo! Goti haliumi, hakuna kinachouma. Kaa kwanza.

Jumatano tulikwenda. Mwalimu Huwaida alinitoa hata kwenye benchi, akanipeleka dukani kwa baba yake nisije nikaghani wimbo. Mzee Turki akanipa kahawa na kunikunjulia vitambaa vyote alivyonavyo. Sikuona hata kimoja. Saa mbili nzima nilisali rozari mbele ya rafu za kanga.

Kisha nikaitwa. Akanieleza kwa Kiswahili cha kawaida, taratibu. Queen anafikiri vizuri kuliko watoto wengi wa umri wake. Masikio yake na kumbukumbu yake, anasema mwaka huu hajapima mtoto mwenye uwezo kama huo. Shida iko hapa: akiona herufi, kichwa chake hakiiunganishi upesi na sauti yake. Kazaliwa hivyo. Si uvivu, si uzuzu, na inafundishika. Ameandika karatasi tatu na kugonga muhuri. Mwalimu mkuu kazisoma zote, na Queen anabaki darasa la tatu, anaongezewa muda na anakaa mbele. Nilimpigia mwalimu mkuu vigelegele ofisini kwake.

Ila kuna jambo. Mwalimu Huwaida alisema hali hii mara nyingi hutembea kwenye ukoo, akauliza nani mwingine anayo. Nikasema hakuna. Nikamwambia mume wangu marehemu Anold alipenda sana magazeti, alikuwa anakaa nayo barazani, ila kila ukimwambia akusomee habari alikuwa amesahau miwani mahali. Akaniuliza, "Miwani yake ilikuwaje, bibi?"

Nikafungua mdomo kujibu. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, Bertha. Baba yako hakuwahi kuwa na miwani.

Mwalimu Huwaida akaliandika na hilo. Halafu akanifundisha kazi ya nyumbani. Sauti moja moja kwa kupiga makofi, na herufi kuandikwa kwa kidole kwenye sinia la unga. Na kuimba, kila sauti na kiimbo chake. "Bibi Consolata," akasema, "sasa ndiyo nakuruhusu kumfundisha."

Mama yako mwenye furaha


Maramba, 21 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimelia na kucheka kwa pamoja, na zahanati nzima imeshajua habari za Queen.

Unakumbuka kanisani Baba alikuwa ananipa mimi kitabu cha nyimbo? "Wewe una macho mapya," ananiambia, "nionyeshe njia." Nilikuwa na miaka saba. Niliona ni heshima kubwa, nikawa nasoma kwa sauti ili naye aimbe. Aliziimba zote. Sasa najua alizipata wapi. Angekuwa hai ningempeleka Ngamiani kwa mwalimu Huwaida, wazee nao wanapimwa, na ningekaa pale kwenye benchi lako nikimsubiri.

Mwambie Queen masikio yale ni ya babu yake.

Mwenzangu anarudi wiki ijayo. Mwezi wa sita nakuja na machungwa, mnipokee stendi.

Mwanao Bertha


Pongwe, 31 Agosti 2025

Mwanangu Bertha,

Tumsifu Yesu Kristo. Tu wazima, vifaranga sasa ni mitetea, na machungwa uliyoleta yalikwisha siku ile ile. Hii ni barua yangu ya mwisho. Usishtuke, siumwi. Nakueleza.

Tangu ulipoondoka hatukukosa hata siku moja. Unga wa sinia tunapikia ugali baadaye, kwa hiyo tumekula herufi zote, "m" mara nyingi zaidi maana ilimsumbua. Mtaani wanaimba wimbo mpya wa sauti, Hatibu nadhani ameshaufikisha huko. Mwezi wa saba alianza kusoma maneno mafupi. Wiki mbili hizi anasoma mifuko ya sukari na mabango ya barabarani, taratibu, kidole chini ya neno, na hataki asaidiwe.

Jana nimetoka misa ya mazishi, nafika nyumbani, kimya. Nikamkuta chumbani, amekaa sakafuni, lile kopo la biskuti ninamoweka barua liko wazi mapajani. Barua zako zote, Bertha. Alikuwa amezipanga kwa tarehe. Mama Bryson anasema alianza saa nne asubuhi, nami nimeingia saa tisa. Akanitazama, akaniambia, "Bibi, mama alikuandikia usinifundishe chochote. Kwa nini ulinifundisha?"

Nimeshindwa kumgombeza. Nimekaa naye pale sakafuni, goti na lote, nikamwomba anisomee mwenyewe hayo maneno ya mama yake. Akanisomea. Kitabu, barua, chochote, sasa anakishika kinavyotakiwa.

Basi siri zetu zimekwisha. Kuanzia leo tupigiane simu tu, nitajifungia chooni. Nimebakiza nafasi hapa chini, kuna mtu ananivuta kalamu.

Mama yako


MAMA SHIKAMOO.
MIMI MZIMA. BIBI MZIMA.
NIMESOMA BARUA ZAKO ZOTE PEKE YANGU.
ULISEMA HATA NISIPOSOMA MIMI NI QUEEN WAKO NA UTANISOMEA MPAKA MENO YADONDOKE.
USIJALI MENO. NJOO JUMAMOSI NIKUSOMEE MIMI.

MWANAO QUEEN