Nilirudisha Kompyuta Nyuma, Mwenzangu Akalaumiwa

Shangazi Lo mpendwa, nakuomba msaada kabla sijapasuka, maana tangu Jumanne ya wiki iliyopita silali wala sili, nazunguka tu nyumbani nikipanga viatu vilivyokwisha pangwa, mpaka mume wangu ananiuliza, "We mama, umekalia siafu?" Nina miaka arobaini na tisa, ni mpokezi kwenye zahanati ya Daktari Weng hapa mjini Tainan, ya tiba ya Kichina ya kuchoma vijisindano mwilini, na majuzi daktari alisema kompyuta yetu imezeeka, tunahamia mfumo mwingine wa kompyuta uitwao Linux, nami nijifunze, basi fundi akaniwekea kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza iliyo ndani ya ile ya kweli, akasema, "Dada, humu vunja utakavyo. Kabla hujagusa kitu piga picha ya hali ilivyo, ukiharibu bonyeza hapa, unarudi kwenye picha." Shangazi, nilinogewa! Niliua mfumo mzima mara kumi na saba, nikabonyeza, ukafufuka, nikajiona bingwa, na kwa kiburi changu nikaanza kuandikia humo miadi ya wagonjwa, wiki nzima, bila kumwambia mtu. Jumatatu nikachezea mipangilio ya sauti, skrini ikawa nyeusi, nikabonyeza kama kawaida, kumbe picha yangu ya mwisho ilikuwa ya wiki moja nyuma, na miadi yote niliyoandika tangu hapo ikapotea.

Kesho yake wagonjwa wakajazana, vitanda ni vinne, hakuna ajuaye zamu ni ya nani. Bibi Tu mwenye goti bovu akagonga mkongojo sakafuni, "Saa tatu ni yangu!" Mwenzake akamjibu, "Yako? Wewe hata jina la mkweo umelisahau!" Daktari akatoka, akaitazama kompyuta, akachukua ile pakiti ya kijani ya vitafunio ambayo huku kwetu huwekwa juu ya mashine kama hirizi ili itulie, na ikipitwa na muda eti mashine hugoma, akasoma tarehe: imepitwa na muda miezi miwili. Kununua pakiti ni kazi ya Dada Yu-hsia, aliyerudi kazini baada ya kumuuguza mama yake miaka tisa, na yuko kwenye majaribio hadi Ijumaa ya wiki hii. Daktari akamwambia mbele ya watu, "Pakiti tu inakushinda, wagonjwa nitakuachiaje?" Yu-hsia akainama akaomba radhi, nami nikanyamaza, nikajifanya nakunja taulo. Sasa ananiletea chai ya maziwa kila siku, eti kunishukuru kwa kumfariji. Nikisema, nitaonekana mzee asiyefundishika. Nikinyamaza, Yu-hsia anafukuzwa. Nifanyeje?

Mkunja Taulo, Tainan

Mkunja Taulo,

Pole, halafu kaa chini nikugombeze. Kuanza jambo jipya katika umri wako kunataka moyo, na kuua mfumo mara kumi na saba ndiko kujifunza kwenyewe. Hapo nakupigia makofi. Lakini nani alikutuma uweke miadi ya watu mahali pa kuchezea? Picha ile ikirudi inafuta kibaya na kizuri, haichagui. Hilo ni kosa la mwanafunzi, linasameheka.

La kunyamaza ndilo linaloniudhi. Pakiti siidharau, hata mimi ninayo hapa juu ya kompyuta yangu, ya kijani, haijapitwa na muda. Ila pakiti haikubonyeza kitu, mama. Ulibonyeza wewe. Na chai yake unainywa! Huoni haya?

Sasa sikiliza. Wapigie simu wagonjwa mmoja mmoja wakutajie siku zao, uandike kwenye daftari. Kompyuta pepe endelea nayo, vunja upendavyo, lakini kazi ya zahanati isiingie humo mpaka fundi akuonyeshe namna ya kuweka nakala pembeni. Halafu nenda kwa daktari, na Yu-hsia awepo, wauguzi wawepo, kwa sababu alidhalilishwa hadharani na hasafishwi kwa kunong'ona. Sema, "Daktari, ni mimi niliyefuta." Usianze na habari za skrini. Akikuona hufundishiki, na akuone. Wewe utaaibika siku mbili tatu. Mwenzako atakosa kazi.

Najua utataka kusubiri Ijumaa jioni. Gazeti hili linatoka leo Alhamisi, na madaktari nao husoma gazeti wakinywa chai ya asubuhi. Majina yote nimeyaacha kama ulivyoyaandika, makusudi. Kimbia umtangulie.

Shangazi Lo