Kivuli Chenye Kofia Yako

Mzee wangu,

Shikamoo. Najua huitikii, basi najiitikia mwenyewe: marahaba. Tayari nimeshakuwa mzee.

Studio yako ipo. Lile pazia la bluu la picha za pasipoti mbuzi wa jirani amelila upande, kwa hiyo siku hizi wateja wote nawakalisha kushoto. Siku ya kuondoa matanga mama Rehema alinipa ile kofia yako ya pama. Inanishuka mpaka kwenye nyusi. Ulikuwa na kichwa kikubwa Mzee, ulituficha tu.

Sasa sikia. Rehema wako ameolewa, Jumamosi ile baada ya Pasaka. Alikuja mwenyewe studio akaniambia, "Saidi, picha yangu nataka kwenye shamba la baba. Na ukiharibu, baba hayupo wa kurekebisha." Nikaogopa.

Maana unawakumbuka wale maharusi wangu wa kwanza, pale Iguguno. Niliwapeleka shambani jioni, jua tamu, nikajiona bingwa. Ulipoziona picha ulicheka mpaka ukakaa chini. "Saidi, alizeti zote zimewapa mgongo. Umewagombanisha na shamba." Mimi nilijua ua linazunguka na jua siku nzima. Kumbe likishakomaa linatazama mashariki tu, asubuhi mpaka jioni. Ukasema, "Umezaliwa kwenye alizeti, umekulia mafuta yake, na hujawahi kuiangalia." Hiyo iliniingia. Darasa la tano nilikoishia hakuna mwalimu aliyenipata hivyo.

Basi nikamwambia Rehema, picha kwanza, kanisa baadaye. Saa moja asubuhi tuko shambani, mama ameshika shela lisilowe umande. Alizeti zote zimetugeukia. Ila bibi harusi analia, na sote tunajua anamlilia nani. Nikatoa dawa yako ya wateja walionuna: "Leo nyumbani mmepika nini?"

"Pilau," akasema, "na wewe kadi huna."

Akacheka. Nikabonyeza.

Kuangalia kwenye kamera, naona kosa. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, kivuli changu kimelala mpaka miguuni kwake. Lile ulilonipigia kelele miaka yote: "Picha ni ya mteja, kivuli chako kiache nyumbani." Nikamwambia turudie. Rehema akaichukua kamera, akaangalia.

Kivuli hakina sura, Mzee. Kina kofia yako tu.

"Haturudii," akasema. "Mwache baba hapo hapo."

Mama akageukia alizeti. Mimi nikajifanya nafuta lenzi, na haikuwa na vumbi hata kidogo.

Lala salama, Mzee wangu. Wateja wengine wote kivuli changu hawatakiona, hilo nakuahidi. Ila una mabinti wawili bado. Siku zao nitafika asubuhi na mapema, jua mgongoni, nimevaa kofia.

Kijana wako,
Saidi