Mwili au Sehemu Yake

Dada, mwanangu ametupatia makaburi. Nusu ekari nzima, kwa karatasi yenye mhuri wa baraza la mji, na jina lake limeandikwa juu kabisa, kabla ya jina la mzee yeyote.

Nisamehe kwa kuingia na habari kabla ya salamu, kama mgeni aliyepita mlangoni bila hodi. Assalamu alaikum, dada yangu mkubwa, mama yangu baada ya mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto na wajukuu, na kwamba magoti yako yamepunguza kelele. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Yako mambo mawili matatu si mazuri, nitayasema kila moja kwa zamu yake. Usiruke mistari. Nakujua, ukipata barua unaanza kwa kuisoma mwisho.

Kwanza nikusifie mwanao, maana wewe ndiye mama yake mkubwa na sifa hii ni yako pia. Msikiti wetu bado ni kile chumba cha juu ya duka la vioo, lakini tangu yeye awe imamu hakitutoshi. Ijumaa anahutubia kwa lugha ya hapa. Mwanzoni wazee walinung'unika, wakasema Mungu hajaizoea lugha hiyo. Akawauliza wanapoagiza nyama sokoni wanaagiza kwa lugha gani, na kama Mungu huwa hawasikii wakiwa sokoni. Wakatazama soksi zao. Safu ya nyuma ikajaa wenyeji waliosilimu: mwoka mikate, mwalimu wa hesabu, na mwendesha kreni mmoja ambaye akisujudu sakafu inatikisika na mwenye duka la vioo anatoka nje kutazama juu. Na hayo yote mwanangu anayafanya baada ya kazi, kwa sababu mchana anatengeneza friji. Watoto wanamwita Imamu Friji. Mimi sikasiriki. Nitajie mji mwingine ambao imamu anaweza kukusomesha dini na kukurudishia barafu kwa siku moja.

Kazi hiyo alijifunza kwa sababu unayoijua wewe kuliko mtu yeyote. Baba yake alipofariki tulimtia katika gari la baridi arudishwe nyumbani, kama tulivyofanya kwa wafu wetu wote tangu tufike hapa. Gari likazuiwa mpakani siku kumi na moja kwa mhuri mmoja uliokosekana, na mashine ya baridi ikafa siku ya tatu. Wewe ndiye uliyelipokea sanduku, ukasema lisifunguliwe. Hatukulizungumza tena jambo hilo, na leo pia tusilizungumze. Lakini mwanangu alikaa pembeni ya dereva siku zote kumi na moja, na aliporudi aliniambia anataka kujifunza ufundi wa friji.

Sasa mkwe wangu. Unajua ni mwenyeji, binti wa fundi bomba wa mtaa wa pili. Siku moja tulikuwa tunakunja nguo, akaniuliza yeye akifa atapelekwa wapi. Nikamwambia nyumbani, kwetu. Akasema, mama, kwenu ni kwenu. Kwetu mimi ni hapa hapa, na mama yangu amelala nyuma ya kituo cha zimamoto. Sasa mimi Mwislamu wa hapa nitazikwa kwetu kupi. Nikaikunja shuka ile ile mara tatu. Mwanangu alikuwa kizingitini anafunga kamba za viatu. Wiki ile ile akaanza kwenda baraza la mji, akaenda mara kumi na tisa, na mara ya ishirini, mwaka jana, akarudi na karatasi. Kiwanja kiko nyuma ya ghala la mbao.

Alipoisoma karatasi ile msikitini, nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, nimekaa mbele yao wote ili kila mtu ajue nani alimzaa. Akafika chini, kwenye maandishi madogo. Sharti: ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya mhuri awe amezikwa mtu pale, la sivyo kiwanja kinarudi mikononi mwa baraza na ombi halitapokelewa tena. Fundi viatu, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akauliza kama tupange foleni au tupige kura. Watu wakacheka sana, kisha nikaona kila mmoja anamtazama jirani yake, hasa walio na mvi.

Dada, mwaka huo umekuwa mrefu. Watatu wamekufa na wote watatu wamesafirishwa. Waliokuwa wakiapa hadharani kwamba watazikwa hapa, maradhi yalipogonga walisema mguu niponye. Fundi saa alikuwa ameandika kabisa wasia wake; siku tatu kabla hajafa aliwaita wanawe akawalilia wamrudishe. Alisema haogopi kufa, anaogopa kulala kule peke yake. Hata maiti anataka jirani.

Kisha wakaanza kumwogopa mwanangu. Imamu lazima azuru wagonjwa, lakini akibisha hodi watu wanamwambia mgonjwa ametoka. Mjane mmoja mwenye mafua, alipomwona anapanda ngazi, aliruka kitandani akashika fagio akafagia mpaka jasho likamtoka, ili aonekane mzima. Wakampa jina: Mpima. Kwamba anakuja kupima urefu. Fundi viatu mwenyewe alikuwa akibana kikohozi msikitini mpaka machozi yanamtoka, akaniambia samahani mama, mwanao ana jicho la fundi seremala. Nilicheka, dada, lakini nilipofika nyumbani nililia. Mwanangu hakuwahi kunilalamikia. Ila safu zilianza kupungua, na chumba kile kilichokuwa hakitutoshi kikaanza kututosha.

Na nje nako hakukutulia. Vigingi vya mipaka viling'olewa mara tatu. Mara ya nne tulivikuta vimerudishwa vyote, na katikati ya kiwanja pana tuta dogo jipya, na ubao umeandikwa kwa rangi nyeupe: Wa kwanza wenu. Mwanangu alifukua kwa mikono. Alikuwa mbwa, wa watu, bado ana mkanda shingoni. Mwanangu akamfunga kwa koti lake la kazi, akamzika vizuri ng'ambo ya barabara, akarudi nyumbani akaoga, akala.

Kesho yake tulikwenda kushtaki barazani, mimi, yeye na mkewe. Karani ni mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuwa mbaya. Alitusikiliza, akaandika, akasema kwa bahati mbaya mbwa hatoshi kutimiza sharti, nadhani alitaka kututania kidogo kwa huruma. Kisha, ili tusije tukadhani anatunga, akatusomea sharti lenyewe kidole kikifuata maandishi: uzikwe hapo mwili wa binadamu, au sehemu yake. Mwanangu akashukuru, akasimama. Mkwe wangu akasimama. Mimi niliendelea kukaa. Walidhani nimechoka.

Hapa ndipo nikuambie nilichokuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha miezi minne. Sukari yangu unaijua. Kidole kikubwa cha mguu wa kulia kilichubuliwa na pedali ya cherehani, kikawa kidonda, nikakifunga kitambaa na kuvaa soksi juu. Kikawa cheusi. Wiki iliyopita mkwe wangu alinusa, akanivua soksi kwa nguvu kama mtoto, akaenda kumwita mumewe. Nimelazwa siku mbili, nimerudi nyumbani, na Jumanne ya tarehe ishirini na sita ninarudi kukatwa mguu, chini ya goti.

Usilie kwanza. Mwanangu aliposikia alikaa sakafuni, akaweka kichwa chake kwenye lile goti. Nikamwacha alie. Alipomaliza nikamwambia, baba, sehemu yake. Hakunielewa. Nikamwambia tena, kwa lugha ya hapa, kama alivyosoma karani. Nikaona uso wake unabadilika, na dada, sikuupenda ule uso, ulikuwa wa mtu aliyeona maji jangwani na anayajua ni ya nani. Alikataa. Akakataa tena. Mwishowe akampigia simu shekhe aliyemsomesha. Shekhe akasema kiungo cha aliye hai hakisaliwi, lakini kinafungwa kitambaa na kuzikwa kwa heshima, hilo halina ugomvi. Mkwe wangu akaenda kwa karani, akarudi na jibu la maandishi: mguu unatosha. Hospitali nayo imekubali kutukabidhi.

Basi sasa mimi ni mtu mkubwa mjini. Watu waliokuwa wanafunga milango wanakuja kunitazama mguu kama wanaotazama bibi harusi. Mjane wa fagio ameleta kitambaa cheupe. Fundi viatu amesema tangu leo atanishonea kiatu kimoja tu na atalala mapema. Kisha akageuka ukutani, mabega yakawa yanatikisika, na safari hii hakikuwa kikohozi. Wamekuwa wakiambiana kwamba mguu ukishatangulia, mwenye mguu naye atafuata, na akilala mmoja pale hakutakuwa tena na upweke wa kumtisha mwingine.

Wakati huo huo kuna karatasi ilipitishwa chini ya mlango wa msikiti siku tatu zilizopita. Maneno mawili: Mkizika, tutafukua. Hakuna jina. Mwoka mikate anasema mkono ule anaujua lakini hataki kusema mpaka awe na hakika, na tangu aseme hivyo hajaja kusali. Fundi bomba, baba wa mkwe wangu, ambaye hajasilimu na hana mpango, alikuja na sepetu yake akaniambia atasimama kwenye uzio siku hiyo, kwa sababu akitaka kumzuru binti yake siku moja anataka aende kwa miguu, si kwa pasipoti. Kisha akauliza watu wetu watakuwa wangapi. Nikamwambia wengi. Dada, nilidanganya. Tukijumlisha vizuri hatuzidi thelathini, na kumi kati yao ni vikongwe.

Sasa kaa chini. Kama umesimama, kaa, na kama unasomewa na mtoto mwambie akupe barua umalizie mwenyewe.

Daktari hakusema lazima ukatwe. Nilikuwa naye peke yangu chumbani, mwanangu ameenda kuhamisha gari, mkwe wangu yuko dirisha la dawa. Alisema uko uwezekano, si mkubwa, si mdogo, wa kuuokoa mguu: nilale hospitali wiki sita, sindano kila siku, kidole ndicho kiende na mguu ubaki. Alisema pia moyo wangu haupigi sawasawa, na wenye moyo kama huu wengine hawaamki mezani, ndiyo maana yeye angependa tujaribu dawa kwanza. Lugha yao hii nimeinunulia nyanya miaka thelathini nikidhani naijua. Siku ile ndiyo nilielewa kila neno. Nikamuuliza kidole peke yake kikikatwa, kitakatwa lini. Akasema baada ya wiki sita, tuone. Kibali chetu kinakwisha Alhamisi ya tarehe ishirini na nane. Nikamwambia akate mguu, na mapema. Aliniuliza mara tatu. Nilitia saini mara tatu.

Mwanangu anaamini kwamba daktari ndiye aliyeamua, na mkewe vivyo hivyo. Ni wewe tu unayejua, na utakaa nalo kama ulivyokaa na lile sanduku. Utaniuliza nani amenihalalishia. Sijamuuliza mtu, kwa sababu ninajua angenijibu nini, na hata mwanangu mwenyewe, angekuwa mtu mwingine amekuja kumuuliza, angemkataza kwa aya na hadithi. Ninapokaa kwenye cherehani sasa, mguu ule nauweka juu ya pedali, na sijui kama nimemtolea Mungu au nimemtolea mwanangu. Nimeomba visiwe vitu viwili tofauti.

Lingine ni zito kwako zaidi. Nisipoamka, usitume gari. Ile nafasi uliyonilindia miaka yote hii kati ya mama na mume wangu, mpe mwingine. Mwambie mama sikumkimbia. Mwambie mume wangu asinisubiri upande huo. Nitalala nyuma ya ghala la mbao, na mkwe wangu atakuwa na jirani siku yake ikifika, baada ya umri mrefu.

Barua anakuletea dereva wa lori la saruji, mpe maji na umwache alale kidogo kabla hajaendelea. Mpe shemeji salamu, asiuze mbuzi yeyote kwa ajili ya nauli, auze ile redio yake mbovu. Wabusu wajukuu. Imamu anakusalimu, mkwe wako anakusalimu, fundi viatu anauliza kama wewe nawe unakohoa.

Na njooni. Si wewe peke yako: shemeji, vijana wote, majirani wanaonikumbuka, hata wale wa mtaani tuliogombana nao juu ya bomba la maji. Basi linachukua siku mbili, panda Jumatatu asubuhi. Nataka kile kiwanja kijae watu mpaka atakayekuja na sepetu asipate pa kusimama.

Mdogo wako,
Mama Imamu

Mguu utazikwa Jumatano, tarehe ishirini na saba, baada ya sala ya alasiri.