Gia Tatu Zinanitosha

Jumanne, Arua

Bado natamani ile baiskeli ya gia saba. Lakini mnyororo wake ulining'inia nje, na kila nikiikunja ungepaka grisi vitenge vyangu vya kuuza. Nimenunua baiskeli ya kukunja ya gia tatu, zimefichwa ndani ya gurudumu. Mita mia mbili za mwisho za mlima wa kuja dukani nitaisukuma, basi.

Leo shemeji Rajabu akaja dukani. Baiskeli zangu mbili za kwanza aliziazima kwa dakika tano. Zote ziko mjini Koboko mpaka leo.

"Shemeji, baiskeli mupya iko wapi?"

"Iko hapa tu. Tafuta."

Alichungulia hadi nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeikunja, nikaifunika kitenge, nikamwekea chai juu yake.

Alikunywa vikombe viwili, kisha akauliza kama naweza kumwazima hiyo meza.