Mama Ameshika Ramani Yetu

Mwenzangu, safari yetu imeingia nyongo. Nyamaza kwanza usome.

Niliacha ramani mezani sebuleni nikaenda kuoga. Dakika tano tu! Narudi namkuta mama kavaa miwani, kalamu nyekundu mkononi.

"Mnazunguka huku kote kufanya nini, na barabara kuu ipo?"

Nikamwambia tunataka kuona mandhari. Milima, ziwa, maporomoko.

"Maporomoko ni maji tu. Shangazi yako anakaa hapohapo. Utapita mlangoni kwake usimsalimie?"

Akayakata maporomoko. AMEKATA MAPOROMOKO! Akachora duara kwa shangazi.

Ziwa nalo limekwenda, pale sasa ni kwa binamu aliyejifungua juzi. Na kule juu mlimani tulikotaka kupiga picha ni kwa mjomba, na unamjua mjomba, hatutoki bila kulala.

Nimehesabu maduara kumi na moja. Kumi na moja! Safari ya siku mbili imekuwa ya wiki mbili.

Nikajitia mjanja. "Mama, hao wengine hata sura yangu hawaijui."

Akavua miwani, akanitazama. "Ndiyo maana nakuja."

ANAKUJA! Kiti cha mbele, kando ya dereva, kashachukua. Mimi na wewe nyuma, katikati yetu cherehani anayompelekea shangazi.

Unacheka? Haya, cheka. Ameshampigia mama yako kumuuliza kama na nyie mna ndugu njiani.

Wako saba. Na mama yako naye anafunga mizigo.